Kikohozi cha Ng'ombe wa Mke Wangu

Mke wangu alipofariki niliacha kazi ya kupitisha makaratasi ya malori mpakani Malaba, nikarudi nyumbani upande wa Kocholia. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa Jumapili: nafika, nakula, naulizia shule ya watoto, kesho yake nimeondoka. Sasa watoto walikuwa Nairobi, kila mmoja na maisha yake, na waliobaki kunipokea ni ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake. Ng'ombe huyo alikuwa wa mke wangu kabisa. Mimi naye tulijuana kwa kupishana tu.

Aliugua baada ya mvua ya mawe kumkuta malishoni. Asubuhi nilisikia kikohozi kikavu, nikadhani ni mtu amesimama nyuma ya nyumba. Nilitoka haraka, hata nikafurahi kidogo. Nikamkuta yeye kwenye kona ya zizi, shingo ameinyoosha mbele, miguu ya mbele ameitanua, anavuta hewa kwa shida. Makamasi mazito yalimning'inia puani. Nyasi za jana hakuzigusa.

Daktari wa mifugo, dada mmoja kijana, alikuja kwa pikipiki. Alimpima joto, akamsikiliza kifuani pande zote mbili.

"Mzee, mapafu yameingiliwa na bakteria," akasema mwishowe. "Sindano naanza leo. Lakini nahofia isiwe ile homa ya mapafu inayoambukiza. Hiyo inaweza kumaliza ng'ombe wa kijiji kizima. Nitapeleka sampuli. Mpaka majibu yatoke, asitoke hapa, na ndama mtenge. Maziwa mwaga. Na watu wenye ng'ombe wasikanyage boma lako."

Watu wenye ng'ombe. Kwetu, ni nani hana?

Habari zilienea siku hiyo hiyo. Akina mama waliokuwa wakija kuchukua maziwa, wakakaa kidogo kumzungumzia marehemu, hawakuja tena. Sikuwalaumu. Walipitisha mifugo yao ng'ambo ya barabara, wakanipungia mkono kwa mbali. Nilichota maji mtoni kwa jerikeni, nikamwaga maziwa kwenye shimo nililochimba nyuma ya choo, na jioni nikawasha redio nisiyoisikiliza.

Shida kubwa ilikuwa sindano. Daktari alitaka nimshike ng'ombe kichwa, naye kila nikimkaribia anageuka na kunisukuma ukutani, mgonjwa hivyo hivyo. Siku ya pili jirani yangu, mama mmoja mjane, alikuwa akitutazama kutoka upande wake wa ua.

"Baba," akaniita, "huyo anajua sweta ya marehemu. Ile ya kukamulia. Ivae."

Sweta ilikuwa bado kwenye msumari jikoni. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku bila kuinyooshea mkono. Ya kijani, imetoboka viwiko, inanuka moshi na maziwa yaliyochacha. Kwangu mikono yake iliishia karibu na kiwiko. Daktari alinitazama nilivyotoka, akainama kutafuta kitu mkobani mwake.

Ng'ombe alinusa mkono wa sweta, akanusa kifua, akapanda mpaka shingoni. Kisha akaniegemeza kichwa chake kizito, kikiwa moto kama sufuria, akatulia. Sindano ikaingia asishtuke. Nilijua vizuri hakuwa amenikubali mimi. Alikuwa akimtafuta mtu mwingine, naye akakuta harufu yake tu. Nilimshika masikio, nikalia mbele ya yule daktari kijana. Tangu mazishi sikuwa nimelia.

"Pole, mzee," akasema. "Usimwachilie kwanza."

Nikawa nashinda zizini. Nilimpelekea majani ya viazi, nikamfuta pua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea naye, nikamwambia mambo ambayo nilipaswa kumwambia mke wangu: madereva niliowajua Malaba, chumba nilichopanga, jinsi Jumatatu zilivyonichosha.

Majibu yalikuja kwa simu. Haikuwa ile ya kuambukiza. Ni nimonia iliyompata baada ya baridi. Alianza kula, homa ikashuka, ndama akarudishwa kwake. Ila daktari aliniambia sehemu ya pafu imeharibika, haitarudi. Mpaka leo akipanda kile kilima kidogo cha kutoka mtoni, husimama katikati, nami husimama naye.

Nilitembea nyumba hadi nyumba nikitangaza kuwa boma liko salama. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Lakini walikuwa wameshapata maziwa kwingine, na mazoea ya kuja kukaa kwangu yalikuwa yamekatika. Maziwa yalipofaa kunywewa tena, jirani yangu ndiye peke yake aliyefika, na chupa yake mkononi. Alisimama mlangoni.

"Karibu ukae," nikamwambia.

"Si leo, baba. Nimeacha mboga motoni."

Nilimjazia chupa, nikamsindikiza hadi barabarani, nikasimama hapo mpaka alipoingia kwake.