Siku Arobaini za Baba

Nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwetu mtaa wa Buyenzi, nilihesabu siku ambazo baba yangu alikuwa amebakiza kabla ya kupatwa na ugonjwa niliompa mimi. Nilizihesabu kwa vidole, nimelala nimeugeukia ukuta, na kila siku iliyopita nilizidi kujichukia.

Mambo yalianzia madrasa, asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nasoma mbele ya ustadhi nikasikia harufu ya waya unaoungua. Nikataka kuuliza nani anaunguza waya. Sikuuliza. Kilichofuata sikukiona, nilisimuliwa tu. Nilianguka, nikakakamaa, nikaanza kutetemeka, povu likanitoka mdomoni. Watoto wenzangu walikimbilia nje, wengine bila viatu. Ustadhi mwenyewe alisimama mlangoni akisoma dua kwa sauti, lakini hakunikaribia.

Siwalaumu. Mtaani kwetu kila mtu alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba kifafa hukaa kwenye povu. Likikugusa povu la mtu aliyeanguka, nawe utaanguka kabla ya siku arobaini kwisha. Sisi Waislamu tuliamini hivyo, na majirani zetu Wakristo, walioita ugonjwa huo intandara, waliamini vilevile. Hata mimi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilimwona mwanamke akianguka karibu na soko, nikakimbia kama wengine, wala sikugeuka nyuma.

Baba alikuwa fundi wa magari, na garaji yake haikuwa mbali na madrasa. Mtu akaenda kumwita. Alipofika, watu walikuwa wamejazana madirishani. Akapiga magoti kwenye jamvi, akanilaza ubavu, akanifuta mdomo kwa kiganja chake kitupu. Nilipotulia akanibeba hadi nyumbani, kichwa changu begani kwake, povu likimlowesha shati la kazi.

"Baba Zaituni, umejiua!" jirani yetu Mama Hadija alimpigia kelele njiani.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia fahamu ziliponirudia.

Mwili uliniuma siku mbili kana kwamba nimepigwa. Ulimi niliuuma nikashindwa kula. Lakini hayo yalipita. Kitu ambacho hakikupita ni uzito ulioniingia kifuani, ambao sikuwa na jina lake. Nilikuwa naamka asubuhi na kusikitika kwamba nimeamka. Wadogo zangu walicheka uani, nami nikashangaa wanacheka nini. Mama alinitengea sahani yangu, kikombe changu na mkeka wangu karibu na mlango wa nyuma.

"Usiguse sahani ya wadogo zako, mwanangu," alisema akitazama pembeni. "Wao bado ni wadogo sana."

Hakunifokea hata mara moja. Laiti angenifokea. Alikuwa anasukuma sahani kwenye sakafu hadi inifikie, kisha anarudi haraka jikoni. Nilianguka tena mara mbili mwezi ule, na mara zote ni baba aliyeniokota. Mara ya pili nilizinduka nikamwona ananawa mikono, nikalia kwa sababu nilidhani amechelewa kunawa.

Siku ya thelathini na tatu, adhuhuri, mafundi wawili walimleta baba nyumbani wamemshika makwapani. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Wakamlaza kitandani. Mama Hadija alikuwa ameshafika mlangoni kabla hawajatoka.

"Si nilisema?" alimwambia mama. "Arobaini haijaisha. Sasa na we utabaki na wagonjwa wawili."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda garajini, ambako kulikuwa na bodi la basi dogo bovu lisilo na viti wala magurudumu, nikaingia ndani nikajikunja kwenye bati la moto. Nilifikiri kwamba nikiangukia humo hakuna atakayenigusa, basi hakuna mwingine atakayeugua. Nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache baba. Niliomba kwa moyo wangu wote, na leo nikimwona mtoto wa umri ule barabarani na begi lake la shule, huwa nashindwa kuamini kwamba mtu mdogo hivyo anaweza kuomba jambo kama lile.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mama aliponipata. Alisimama nje ya basi, macho yamevimba.

"Toka, Zaituni. Baba yako anakuita."

"Bado anatetemeka?"

"Toka tu."

Sikuweza kusimama vizuri, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mama alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanirushia ncha moja. Niliishika, naye akaishika ya pili, tukarudi nyumbani hivyo, yeye mbele na mimi nyuma, mbele ya macho ya Buyenzi nzima.

Baba alikuwa amefunikwa blanketi mbili, uso unang'aa kwa jasho. Nilisimama mbali na kitanda.

"Karibia," alisema.

"Baba, mimi nimekuua."

Nilisubiri aniambie kwamba yale ni maneno ya watu, kwamba povu haliambukizi. Hakusema hivyo.

"Kama ni hiyo, ni hiyo," alisema. "Siku ile madrasa nilijua. Tutakuwa tunaanguka wawili. Mi nikianguka utaniokota, ama utakimbia?"

"Nitakuokota."

"Basi kuja hapa, mutoto wangu."

Nikapanda kitandani. Mwili wake ulikuwa moto kama lile bati. Nililala nikimshika mkono, nikisubiri aanguke.

Kesho yake walimpima damu kwenye kituo cha afya: malaria. Alimeza dawa, na baada ya wiki moja alikuwa kazini. Siku ya arobaini ilipita, ya hamsini ikapita. Watu hawakuacha kuamini. Walisema tu kwamba baba ana dua nzito. Na sahani yangu ilibaki pembeni kwa miaka mingi.

Leo nina miaka thelathini na tisa, nafundisha ushonaji, nameza vidonge asubuhi na jioni. Bado naanguka, mara moja au mbili kwa mwaka. Daktari mmoja aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na moyo wako, baada ya kuanguka, unakuwaje?" Nililia mbele yake. Akaniambia huzuni ile huja pamoja na kifafa, kama maumivu ya kichwa, na kwamba niitaje, nisiifiche. Haikuondoka kwa kutajwa. Siku tatu baada ya kuanguka bado naona giza lilelile la mlango wa nyuma, na siku hizo namwomba mume wangu asiende mbali.

Baba alishafariki. Nilipokuwa mdogo nilidhani hakuogopa. Sasa nafikiri aliogopa kuliko watu wote waliokuwa madirishani, kwa sababu wao walikuwa nje na yeye alikuwa ndani amepiga magoti. Mama yupo, ni mzee, naishi naye. Hatujawahi kuongea habari za mwezi ule. Safari iliyopita nilipoanguka, nilizinduka nikamkuta kaketi sakafuni, kichwa changu kiko mapajani mwake. Mikono yake, iliyonishika mashavu, ilikuwa inatetemeka kwa hofu. Hakuiondoa.