Siku Niliyoitema Bia Yangu Mwenyewe Simbo

Mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada ya kutengeneza bia, na sidhani kama Kigoma nzima yuko wa pili. Niliipata ughaibuni, baada ya kuanza kwa kuosha mapipa. Sikushikwa mkono na mtu. Niliporudi nilikitia cheti kwenye fremu, nikakitundika sebuleni kwangu Katubuka, juu kidogo ya televisheni, ili mgeni asipate taabu kukiona.

Bia yangu ni nyeusi, nzito na kali. Naipika kwa kimea cha mtama nilichokikaanga mpaka kikaiva rangi, naongeza kahawa ya milima yetu, kisha naiacha ilale miezi mitatu. Ukiinua glasi juani huoni kitu upande wa pili. Kwa hiyo nilipokwenda kuposa Simbo, niliona ni kujidhalilisha kupeleka pombe ya ndizi kama bwana harusi yeyote tu. Nilibeba bia za aina tano, chupa zenye namba, glasi, daftari na kopo la kutemea.

Kopo hilo nusura lininyime mke.

Njiani mshenga wangu, mwalimu mstaafu, alinionya. "Baba yake binti ni mpole, usimhofie. Mtazame shangazi yake. Yule ndiye mpishi wa pombe wa kijiji kizima, na mrija wake wa kunywea huufunga kwenye pindo la kanga. Akiutoa akanywa, umeoa. Usipotoka, tunarudi na chupa zetu."

"Mwalimu, mimi nimeonja bia za mataifa."

"Hayo mataifa hayakuwa na shangazi."

Tulipofika niliwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha nikampigia shangazi shikamoo ya peke yake. Aliitikia huku akizitazama chupa. Fundo lilikuwa palepale kwenye pindo la kanga.

Nikaanza. Nilimimina namba moja, nikaizungusha kwenye glasi, nikazamisha pua.

"Anainusa," baba mkwe alisema kwa upole. "Imechacha?"

"Hapana, mzee. Napata harufu ya ngozi mpya, tumbaku, na moshi wa mbali."

"Ngozi ya nini? Ya mbuzi au ya viatu?"

"Ya... kiti cha gari, mzee."

"Ametuletea kiti cha gari," aliwaambia wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. Ndani ya nyumba mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Ndicho nilichokwenda kukiposa.

Nikapiga funda, nikalisukasuka mdomoni kama nilivyofundishwa, nikalitema kwenye kopo. Mwonjaji mwenye bia kali tano mbele yake hutema, la sivyo akifika ya tatu anaanza kuisifu meza. Jambo hili limo kwenye stashahada.

Watu wote wakaligeukia kopo. Hata kuku, naapa.

"Kaitema," shangazi alisema. "Mwenye pombe kaitema pombe yake!"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokijua tangu sijaanza kuvaa viatu. Kwetu anayeleta pombe hunywa kwanza mbele ya watu, na humeza, ili waone hakutia sumu. Akiitema, basi anajua alichotia.

Mshenga alisimama. "Jamani, huyu amesoma—"

"Kusoma hakumzuii mtu kumeza," shangazi alimkatiza. Alichukua kibuyu, akachanganya humo chupa zote tano, kila moja kidogo, kazi ya miezi mitatu, akanipa. "Kunywa, mwanangu. Halafu kaa pale juani tukutazame."

Nilikunywa chote. Sikutikisika, mimi ni mtaalamu. Wakaniweka kwenye kigoda, wazee wakageuza viti vyao kunielekea kama watu wanaosubiri maji yachemke.

"Bado anapumua?" baba mkwe aliuliza baada ya muda.

"Anapumua," mshenga alijibu. "Ila anatabasamu peke yake."

Kwa vile nilikuwa na hadhira, niliwapa mhadhara wa kimea. Naambiwa ulikuwa mzuri, ingawa nusu yake nilimweleza mbuzi. Kisha nilitamka kwa sauti kwamba binti yao namtaka hata kwa pombe ya ndizi, na kwamba niko tayari kuipika mwenyewe, nikiwa nimevua viatu, nikikanyaga ndizi kwa miguu hii iliyokanyaga theluji.

Shangazi alichukua chupa namba tano. Alinusa. Pua yake haikuzama kama yangu. Ilipita tu juu, kama mtu anayemsikiliza jirani.

"Mtama umeukaanga mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi."

"Umeuunguza kidogo. Hapa hakuna kiti cha gari. Haya ni masizi ya sufuria na sukari iliyoshika chini." Akanusa tena. "Lakini ni masizi mazuri."

Akafungua pindo la kanga. Mrija ukatoka, ukaingia kwenye chupa, na haukutoka mpaka chupa ilipolia tupu. Kile kikohozi cha ndani kikageuka kigelegele.

Daftari la siku ile ninalo. Mbele ya namba tano, kwa mwandiko unaoteremka kama njia ya kwenda ziwani, nimeandika: masizi ya sufuria. Kwenye stashahada yangu neno hilo halimo, na hilo ni kosa lao.