Tulipojibu "Tumeelewa"

Kuna siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu, na nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa kijana, mgeni katika kazi ya maktaba hapa Mbinga, na kompyuta ilikuwa imeingia juzijuzi. Mwalimu alitoka Songea kutufundisha mfumo wa vitabu vya mtandaoni. Kijana mpole, ila kasi yake sasa! Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Nasi sote kwa pamoja, "Tumeelewa."

Nani alielewa? Hakuna. Lakini kwetu mgeni hasumbuliwi, na kumwambia mtu aliyesafiri kwamba hukumwelewa ni kama kumrudishia sahani ya chakula. Tukampigia makofi, akapanda gari akaenda zake. Kompyuta tukaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio nyumbani, kila mmoja akiomba zamu yake isifike.

Ya kwangu ikafika. Asubuhi aliingia binti kutoka Lituhi, kule chini Ziwa Nyasa, jina lake Eliza. Alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, amepanda milima yote ile kutafuta kitabu cha biolojia. Kwenye rafu hakikuwepo, kilikuwa mtandaoni. Gari la kurudi ziwani lilikuwa linaondoka mchana, na mtihani ulikuwa umeshabisha hodi.

Nikafunua kitambaa. Nikabonyeza, na vitabu vyote vikatoweka, kioo kikabaki cheupe. Nikabonyeza tena. Cheupe. Mwanangu, niliogopa. Niliamini nimefuta kazi yote ya Mama Kapinga, mkuu wetu, aliyeviorodhesha vitabu vile kimoja kimoja ili mwalimu aviingize. Nilijiona nimefukuzwa, nimerudi kwa baba kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, na kijiji kizima kinauliza kulikoni.

"Mtandao unasumbua," nikamwambia Eliza. Maneno hayo mnayajua, ndiyo mwavuli wetu maofisini.

Binti hakubisha. Alichukua mfuko wake, machozi yanamlengalenga. Kumbe Mama Kapinga alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Keti, mwanangu," akamwambia Eliza. "Mtandao upo. Huyu hajui, na mimi pia sijui." Kisha akanigeukia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe maradhi ni yako, lakini leo ungemuua mtoto wa mwenzio."

Hakupaza sauti, ndiyo maana iliniuma. Akampigia simu yule mwalimu mbele ya wasomaji wote, sauti ameifungulia kila mtu asikie. Niliona alivyokosea namba mara mbili, mama yule niliyedhani haogopi kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Siku ile tulikudanganya. Hatukuelewa."

Mwalimu akajibu, "Niliona, mama. Niliogopa kuwauliza wakubwa mara ya pili."

Basi akatuelekeza polepole. Kumbe nilikuwa nimefungua ukurasa mtupu tu, vitabu vyote vilikuwa mahali pake. Eliza aliondoka na kitabu chake ndani ya simu yake, akikimbilia gari ambalo lilikuwa limeshaanza kupiga honi.

Usidhani hofu iliniisha. Sasa mkuu wa maktaba ni mimi, mgeni kazini ni wewe, na wiki hii wametuletea mfumo mwingine na mwalimu wake. Jana mwalimu alipouliza, wewe ulikuwa wa kwanza kujibu, "Tumeelewa," huku mikono umeificha chini ya meza. Nilikuona.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukitetemeka, tetemeka, lakini useme. Mashine ikiharibika ina fundi wake, ila mtu uliyemrudisha mikono mitupu ili kuficha aibu yako, utampata wapi tena? Kesho mwalimu akifika nitanyoosha mkono mimi kwanza, na mvi zangu hizi, niseme sijaelewa. Kwa sababu sijaelewa. Nawe usiniache peke yangu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, na pale unapoogopa akutangulie.