Carte mbili za Kahindo

Acha niseme mwenyewe, mbele Kahindo aelezee muji muzima wa Beni. Mimi hapana mutu wa kutembea-tembea, na kwa ile kukaa nyumbani nimejifanya mujuaji wa ordinateur, ile kompyuta. Kahindo anatengenezaka video za ndoa. Aliniletea carte graphique mbili za bei ndogo, zile zinasaidia picha kutembea muzuri. Atabakia na moja, ingine airudishe ku magasin, kule duka alizitosha, mbele ya saa sita.

Nikaweka ya kwanza. Bibi-arusi wa video yake akatembea ku écran bila shida. Nikaitoa, nikachukua ya pili, joto ikanishika, nikajipepea kidogo, kisha nikawasha tena. Sasa bibi-arusi akarukaruka sawa kuku.

"Unaona? Hii ya pili ni ya bure kabisa. Ule mwenye magasin amekudanganya."

"Mais ni hii alinisifia sana."

"Mama, mimi niko na macho. Hii iko na usingizi."

"Basi itoe, niirudishe."

Nikainama, nikapapasa ndani ya ordinateur. Fasi ya carte ilikuwa wazi. Kumbe mashini ilikuwa inajikaza peke yake, bila carte hata moja.

Kahindo akaniangalia. "Papa Kambale, na ile unajipepea nayo ni ya ngapi?"