Wageni wa Uani kwa Bibi

Siku niliyowafukuza wageni wa bibi naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa naanza kuota ndevu, nimetoka kuamia ndege kwenye mtama wetu karibu na Segese. Kazi yenyewe ni kombeo na makelele, na mimi nilikuwa hodari wa vyote viwili. Makundi ya kweleakwelea yalinijua, na wakubwa walinisifu.

Mavuno yalipokwisha nikapelekwa kukaa na bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi peke yake. Asubuhi ya kwanza natoka nje, nakuta ndege wamejaa uani. Mkono ukanitangulia. Nikavurumisha jiwe, nikapiga ukelele, wote wakatawanyika. Nikageuka nikingoja sifa.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni na ungo wake.

"Yule wa buluu, mwenye tumbo la rangi ya machungwa, anaitwaje?"

"Ndege tu, bibi."

"Anaitwa kwenzi. Na yule mdogo aliyekuwa kwenye maua ya mshubiri ni chozi, wala mtama hali." Akapepeta kidogo, kisha akasema, "Shambani ulilinda chakula. Hapa umelinda nini? Baba yako ana muda mrefu hajanijia. Hawa wanakuja kila asubuhi."

Niliona haya. Nikakaa chini karibu naye, tukawangoja, na siku hiyo hawakurudi. Alitumia siku zilizofuata kunifundisha kutulia, jambo gumu kwa kijana. Tazama mdomo kwanza, alisema: mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda ni wa kunyonya maua. Tazama na mwendo, kwa sababu shomoro hurukaruka na kwenzi hutembea kama mwenye nyumba. Rangi iache mwisho, jua na vumbi la kwetu huidanganya. Tetere ndio waliotangulia kurudi, wengine wakafuata. Uso wa bibi ulifunguka, na hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimemnyang'anya nini.

Sasa ni zamu yangu. Naishi Nyasubi, mke wangu nimeshamzika, binti yangu yuko Chato na biashara ya dagaa, kijana wangu yuko machimboni Geita. Majirani wamemwaga zege uani kwao kote, wakipita wananiuliza, "Mzee, mbona hufagii majani kwenye ua?" Nawaambia humo mna wadudu, na wadudu ni kitoweo cha wageni wangu. Wanacheka, nami nacheka nao. Dawa ya kunyunyizia siitumii. Maji naweka kwenye sinia pana, katikati nimeweka jiwe ili wadogo wapate pa kusimama, na ni mbali na kichaka anachojificha paka.

Lakini upweke unauma, nisikufiche. Simu ikilia naikimbilia nikidhani ni wanangu, kumbe ni mtandao unanikumbusha bando. Juzi kijana wangu alipita, gari amelipaki nje na injini inaunguruma. Nikamwambia, "Kaa kidogo, baba, kwenzi yuko njiani kuja kuoga."

Akatazama saa. "Nitamwona siku nyingine, mzee." Akaondoka. Kwenzi alipokuja nikamtazama peke yangu, na sikumfurahia kama siku zote.

Basi nasaha yangu ni hii. Nyumbani kwako weka maji safi kila asubuhi, acha majani kidogo, panda maua ya chozi, na jifunze kumtambua kila anayekuja kabla hujamwona ni wa kufukuzwa. Na mzee akikwambia ukae umwone ndege, kaa. Ndege akichelewa, endelea kukaa.

Mungu akujalie uzee wenye watu, mwanangu, na watu hao awajalie muda.