Kiitikio Nilichokitoa Mesaimeer

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni mjane wa mwimbaji wa muziki wa kantri aliyejulikana kutoka Molo hadi Eldoret, na jina lake halihitaji kupambwa kwa uongo. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na minne. Tangu nijue kuandika, kila jambo naliwekea siku na saa. Daftari langu linasema: Ijumaa ya kwanza ya Februari, saa saba na dakika kumi mchana. Mchana, nasisitiza, jua likiwa la utosini.

Marehemu alitungia nyimbo zake jikoni kwetu. Yeye aliimba mstari, mimi nikauitikia huku nikisonga ugali. Wimbo wake wa mwisho hakuumaliza, wala hakumwimbia mtu mwingine ila mimi. Tulimzika na kofia yake pana na buti zake, ambazo kisigino cha kushoto fundi alikuwa amekibandika kipande cha tairi. Mimi nilibaki na rekodi zake kwenye simu, nikaja nazo ughaibuni kufanya kazi ya yaya. Kila siku, nikishawalaza watoto wa mwajiri wangu kule Muaither, nilimsikiliza ndipo nikapata usingizi. Sauti ile ndiyo iliyokuwa nyumba yangu hapa Doha.

Ijumaa hiyo, maana huku ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, tulitoka ibadani Mesaimeer, mimi na Chebet, muuguzi anayeishi Al Wukair. Tukasimama kando ya ukuta kumsubiri dereva.

"Mama, hilo gauni ni la kanisa ama kuna mzee unamtega?" akanitania.

"Mzee wangu ninaye kwenye simu. Wako yuko wapi?"

Akacheka, akaenda kununua maji.

Hapo ndipo niliposikia gitaa. Mwanamume mwenye sare ya mlinzi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, hatua sita kutoka kwangu, kofia pana ikimfunika uso. Aliimba wimbo ule wa mwisho. Uleule, niamini. Ubeti wa kwanza, wa pili, bila kukosea hata pumzi. Nikatazama miguu yake. Buti zilikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Katika Doha hii ya vumbi jeupe, udongo ule ungetoka wapi? Kisigino cha kushoto kilikuwa cha tairi.

Bibi yangu alitufunza kwamba sauti ya mtu usiyemwona uso haiitikiwi mpaka iite mara tatu, kwa maana mfu huita mara moja tu. Nililijua hilo. Lakini miaka kumi na tisa nilikuwa nimeizoea sauti ile. Mdomo ukaitangulia akili. Nikaimba kiitikio.

Gitaa likanyamaza. Hakuinua uso.

"Asante, mama watoto," alisema kwa upole. "Sauti yangu nilikuwa nimeiacha kwako."

"Mama, unamwimbia nani?" Chebet alikuwa nyuma yangu, chupa mbili mkononi. Ukingo ulikuwa mtupu. Niliupapasa, vidole vikatoka vyekundu.

Tukiwa garini nikafungua rekodi. Gitaa lilisikika, ngoma zilisikika. Pahali pa sauti yake palikuwa kimya. Nikampa Chebet simu. Alisikiliza, akatabasamu. "Huyu mzee aliimba, jamani."

Kila mtu anamsikia. Wakenya wenzangu wanacheza nyimbo zake kwenye sherehe zao, nami husimama kando nikitazama midomo yao ili nijue amefika mstari gani.

Wewe uliyefiwa, sauti ya mpendwa wako ikikuachia nafasi ya kuitikia, ng'ata ulimi mpaka utoke damu. Damu hukauka.