Ushahidi Chini ya Godoro

Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza chuo, nina hata kitambulisho cha kupigia kura, nilipopoteza akili kwa sababu ya kitabu. Ningekuwa mtoto wa darasa la nne ningejitetea.

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mjini: riwaya ya zamani ya upelelezi, haina jalada, kurasa zimeshakuwa na rangi ya chai. Shujaa wake alikuwa binti wa rika langu. Kila nyumba iliyokaribia kupatwa na balaa iliwekewa kwanza alama mlangoni, na ni yeye tu aliyeziona alama hizo. Alipanda mapaa, alijificha kwenye mabehewa ya mizigo, alimkamata mwovu kwa mikono yake mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa Sombetini kwa mama, nasubiri ajira, na hatari kubwa niliyoikabili kwa wiki nzima ilikuwa kuvuka barabara penye bodaboda. Nilimwonea wivu yule binti mpaka nikamchukia kidogo.

Mama alipochoka kuniona nimelala na kitabu kifuani, alinituma mlimani kwa bibi nikasaidie maandalizi ya harusi ya mjomba. Nilikuta nyumba imenuna. Bibi na babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, walikuwa hawasemezani. Babu mdogo alifungulia maji ya mfereji kwenye shamba lake siku ya zamu ya bibi, na bibi alipomuuliza, akamjibu mbele ya majirani kwamba yeye ni mtu wa kuja, kaletwa na ndoa, maji yale si ya kwao. Bibi ameitunza kahawa ya shamba lake kwa maji yale tangu akiwa bi harusi. Alirudi nyumbani akasema shemeji yake hatavuka kizingiti chake mpaka aombe radhi. Na mzee wa kusimama upande wa bwana harusi ni huyo huyo, mwingine hayupo. Mjomba alikuwa anakonda huku tunamwona.

Haya yote nilielezwa siku niliyofika, tena zaidi ya mara moja. Sina cha kusingizia.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya bibi ili nionekane mchapakazi. Nje kulikuwa na ukungu. Nikamwona mtu mwenye koti refu, kofia na mabuti akipotelea kwenye migomba. Kwenye kitasa cha mlango kulikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Moyo uliniruka, na ukweli ni kwamba uliruka kwa furaha. Mwovu wa kwenye kitabu naye alivaa koti refu. Kwamba huku mlimani karibu kila mzee huvaa koti refu asubuhi kwa sababu ya baridi, hilo halikunijia. Jani nililifahamu: ni isale, mmea unaooteshwa mipakani mwa mashamba. Basi kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Alama, mlango, mpaka wa shamba, mjane. Nililifungua kwa kitambaa nisiharibu alama za vidole, nikalitia kwenye mfuko uliotoka mkate, nikaficha chini ya godoro. Bibi sikumwambia, nisije nikamtia hofu.

Koti nililitambua siku hiyo hiyo. Lilikuwa la babu mdogo. Nikaanza kumfuatilia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwandishi wa ile riwaya hajawahi kukaa kwetu. Yule binti alimwandama mtu mji mzima bila kufungua mdomo. Mimi kila nilipochomoza nyuma ya mgomba nilikutana na mzee mwenye panga au mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe, na watu hao hawapitwi hivi hivi. Shikamoo. Marahaba, wewe ni wa nani? Mama hajambo? Harusi si ndiyo hii Jumamosi? Nilipomaliza kujibu, mshukiwa alikuwa ameshageuka na ananisubiri, kwa adabu kabisa, nimwamkie na yeye.

Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akasimama akiizungusha kofia yake mikononi.

"Bibi yako hajasema kitu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikajua anapima kama amegunduliwa. Nilijua pia yule binti wa kitabuni angejibu vipi. Nilinyoosha shingo.

"Hajasema kitu," nikamwambia. "Na hatasema."

Alinitazama kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka polepole kama mtu aliyetwishwa gunia. Nilijiona mshindi. Nilirudi nyumbani nikala ndizi sahani mbili.

Kesho yake mjomba alikuja kwa bibi, uso umemshuka. Babu mdogo amekataa kusimama harusini. Anasema ameomba radhi kwa isale na amekataliwa, na mtu aliyekataliwa isale hana uso wa kusimama mbele ya ukoo. Bibi aliacha kuchambua mchele. Akauliza isale lipi. Mjomba akasema mzee alilifunga mlangoni alfajiri, akashindwa kugonga kwa aibu, na jibu alipewa na mimi.

Bibi alinigeukia. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba huku jani lile ndilo linaloomba msamaha mdomo ukishindwa, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa mtoto. Siku zote zile, akasema, kila akifungua mlango alikuwa analitafuta.

Niliingia ndani nikainua godoro. Jani lilikuwa limenyauka na linanukia mkate. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alijitupia khanga mabegani, akaniambia nitangulie.

Tulimkuta babu mdogo barazani, peke yake. Bibi alimwonyesha jani.

"Shemeji, lilifika," alisema. "Lilikuwa limewekwa rumande."

Ikabidi nieleze yote, pamoja na kitabu, pamoja na alama za vidole. Babu mdogo alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la koti, na aliendelea kuyafuta hata alipokuwa ameacha kucheka.

Jumamosi alisimama. Mimi nilikuwa uani nasugua masufuria, adhabu niliyojipangia mwenyewe kabla sijapangiwa. Tulitegemea aanze kutambulisha wanaume wa ukoo. Alianza na bibi. Alimshika mkono, akamwinua mbele ya watu wote, na majirani wa mfereji walikuwepo.

"Huyu ndiye mwenyeji," alisema. "Sisi wengine tumekuja kwake."

Bibi alijifunika uso kwa khanga. Nami, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji nipate kuona bila kuonekana, nililia kwa sauti mpaka harusi nzima ikageuka kunitazama.